Baiskeli Moja, Kamili

Kila mahali njia ilipoteremka, Sista alishuka kwenye baiskeli akaikokota. Njia ilipoanza kupanda, alirudi kitini akakanyaga pedali mpaka juu. Watu wengine wote wa Kitale walifanya kinyume chake, na kwa miaka mingi mimi nilidhani ni wao waliokosea.

Alikuwa muuguzi wa zahanati yetu, na ua wake ulipakana na ua wa wazazi wangu. Jina alikuwa nalo, limeandikwa kwenye beji kifuani, lakini sikumbuki mtu hata mmoja aliyelitumia. Mama alimwita Sista, chifu alimwita Sista, na mume wake, kwa miaka michache aliyokuwa hai, naye alimwita Sista. Nadhani ni kwa sababu dawa zake za presha zilikuwa mikononi mwa Sista.

Kati ya mtaa wetu na zahanati kulikuwa na kijito, na kila upande wa kijito kulikuwa na mteremko. Ukienda kazini unateremka, unavuka daraja la mbao, unapanda. Ukirudi jioni ni vivyo hivyo. Wanaume waliteremka kwa kasi, miguu imepanuliwa, ndala wamezisukumiza kwenye tairi kwa sababu ndala ndizo zilizokuwa breki, wakampita Sista kwa mbwembwe na vumbi. Walipofika upande wa pili pumzi ziliwaishia, wakashuka, wakaanza kusukuma. Hapo ndipo Sista alipowapata. Aliwapita mmoja mmoja, amekaa wima, kisanduku cha chanjo kimefungwa kwenye keria, viatu vyake vyeupe vikizunguka taratibu, akiwasalimia na kuwauliza habari za vidonda vyao.

Aliyenifundisha kuendesha baiskeli ni yeye. Nilikuwa na miaka kumi, na baba yangu hakuwa na baiskeli wala subira. Somo lilianzia darajani na kuishia kwenye lango la zahanati, yaani kupanda tu. Tukifika juu tuligeuka, tukaikokota baiskeli mpaka darajani, tukapanda upande wa pili. Siku moja nikamwomba aniache niteremke kidogo tu, hata hatua kumi.

"Kupanda ni jasho," akaniambia. "Kushuka ni plasta. Jasho hukauka lenyewe."

Kisha akanitaka niahidi kwamba sitateremka juu ya baiskeli maisha yangu yote. Nikaahidi. Kwa mtoto wa miaka kumi, maisha yote si muda mrefu.

Ahadi hiyo nimeitimiza kwa miaka thelathini na mitatu. Najua inavyosikika. Nafanya kazi katika ofisi ya maji mjini Bungoma, na Jumamosi huenda Myanga sokoni kwa baiskeli yangu mwenyewe, baiskeli nzuri yenye gia, na kwenye kila mteremko nashuka. Waendesha bodaboda wa njia ile wamenizoea, ila wageni hunihurumia. "Mkubwa, baiskeli imeharibika?" mmoja aliwahi kuniuliza. Nikamwambia iko sawa. Akanitazama, akaitazama baiskeli, akaamua kwamba basi mimi ndiye niliyeharibika, akaenda zake.

Mwezi wa nane uliopita binti yangu Naliaka, wa kidato cha tatu, alikuja nyumbani likizo. Huyu ni mtoto ambaye kwa mwaka mzima alikuwa ameniomba vitu viwili: nimnunulie chaja, na nisimwite kwa sauti mbele ya marafiki zake. Jioni ya pili akaja na simu yake, akanionyesha video ya vijana waliovaa helmeti wakiporomoka mlimani juu ya baiskeli za matairi manene. Mahali penyewe ni kwenye vilima vya Cherangany, juu ya Kachibora, ambapo vijana fulani wameanza kukodisha baiskeli hizo.

"Baba, si twende? Mimi na wewe."

Nikamuuliza kama mtu anaweza kuipanda njia ile badala ya kuishuka. Akasema hapana, unapelekwa juu na pikapu, wewe kazi yako ni kuteremka.

"Ukikataa sawa tu," akasema. "Nitaenda na Ankol."

Ankol ni kaka ya mke wangu. Hajawahi kuogopa kitu chochote maishani mwake, na ana meno machache ya kushuhudia hilo. Nilitaka sana kwenda na mtoto wangu. Niliogopa sana. Na juu ya yote hayo nilikuwa nimeahidi, tena si kumwahidi mtu hivi hivi. Ngoja nieleze Sista alikuwa mtu wa aina gani, ndipo itakapoeleweka kwa nini sikuweza kumpuuza.

Kwanza, hakusema uongo. Wauguzi wengine wote duniani humwambia mtoto kwamba sindano haitauma. Sista alikuambia, "Itauma sana. Nitahesabu mpaka tatu." Halafu alidunga kwenye mbili. Nilipolalamika, akanieleza kwa utulivu kwamba alisema atahesabu mpaka tatu, na kweli alihesabu mpaka tatu. Hakusema atadunga lini. Niliondoka nikiwa nimechomwa na nikiwa nimeshindwa hoja.

Pili, hakuogopa mtu. Asubuhi moja mwanamume mmoja alikuja zahanati amelewa, panga mkononi, akimtafuta mke wake aliyekuwa amekuja kushonwa paji la uso. Foleni yote ilikimbilia nyuma ya jengo. Sista alitoka na daftari lake, akamwambia, "Hapa watu wanaonwa kwa foleni. Wewe ni namba kumi na nne. Kaa." Yule bwana akakaa, panga mapajani. Sista akarudi ndani, akamaliza kumshona yule mama, akampitisha mlango wa nyuma, kisha akaendelea na namba tatu, namba nne, bila haraka. Namba kumi na nne ilipoitwa, mwenyewe alikuwa amelala fofofo. Sista akamwamsha, akamchunguza macho, akamwandikia dawa ya minyoo. Polisi walipofika walimkuta ameishika karatasi ya dawa, panga limeshawekwa kabatini pamoja na bandeji.

Alikuwa na ugomvi wake na dunia, kama kila mtu. Alikataza sukari mtaa mzima, na chai yake mwenyewe alitia vijiko sita. Ukimtazama, alisema, "Hii ni ya dharura," na dharura hiyo ilikuwepo saa nne na saa kumi kila siku. Watu hakuwakumbuka kwa sura bali kwa kidonda. Mheshimiwa mmoja alikuja kuomba kura na msafara wa magari manne; Sista alimkazia macho kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Huyu nilimtoa maharagwe puani. Mawili." Mheshimiwa alikiri kwamba yalikuwa mawili. Mtaa wetu ulimpigia kura nyingi, nadhani kwa huo ukweli wake.

Lakini kilichokuwa kama dini kwake ni sahihi. Mama akipewa kadi ya mtoto kutia sahihi, Sista aliishika kadi kwa kidole mpaka mama asome yote kwa sauti. Asiyejua kusoma alisomewa polepole, kisha akaulizwa, "Nimesema nini?" Foleni ilifika barabarani. Watu walinung'unika, yeye akasema, "Sahihi ni mdomo wako. Ukishaiweka, umeshasema." Siku moja alimkuta baba yangu sebuleni anatia sahihi ripoti yangu ya shule juu ya goti, macho yako kwenye mpira wa televisheni. Akamnyang'anya kalamu. "Soma kwanza." Baba akasoma. Nilikuwa wa thelathini na nane kati ya arobaini na mmoja. Usiku ule nililala kifudifudi, na sikumpenda Sista kwa wiki nzima.

Kuna siku moja tu katika mwaka alipokuwa mtu mwingine. Wakaguzi walipokuja kutoka ofisi kuu kuhesabu mali ya serikali, Sista aliiegemeza baiskeli ukutani, akaitandikia leso mpya juu, na kusimama mbele yake mpaka waondoke. Wakaguzi waliandika baiskeli ipo, wakanywa chai. Sisi watoto tuliokuwa tukichungulia kwenye ua tuliamini anaionea fahari baiskeli yake, kama vile watu wanavyofunika televisheni kwa kitambaa.

Basi, huyo ndiye niliyemwahidi. Nikamwambia Naliaka kwamba kabla ya Kachibora lazima tupite Kitale kwanza, nimwombe mtu ruhusa. Akaniuliza nina miaka mingapi. Nikamwambia anaijua.

Tulipofika Kitale tuliingia kwenye duka la spea za baiskeli, maana nilitaka glavu na kinga za magoti, na kama zingekuwepo, kinga za mwili mzima. Duka hilo ni la familia moja ya Masingasinga ambayo imeuza spea pale tangu kabla sijazaliwa. Siku hizi mkwe wa kike ndiye anayeuza. Mzee mwenyewe, kilemba chake kimefungwa sawasawa, hukaa nyuma ya kaunta na gazeti na kusahihisha bei.

"Wewe si ule kijana wa Sista?" akaniuliza. "Ule alikuwa anapanda tu?"

Nikasema ndiye mimi. Naliaka akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

"Na Sista aje? Alishapata breki?"

"Breki gani, mzee?"

"Za baiskeli, bana. Si niliziweka hapa miaka yote."

Akainama, akafungua droo ya chini kabisa, akatoa kifurushi cha gazeti lililogeuka njano. Ndani mlikuwa na fito mbili za breki za baiskeli ya zamani na raba zake nne, mpya, hazijawahi kufungwa. "Kila mwaka alikuwa anakuja kuziangalia tu. Anashika hivi, anarudisha. Namwambia, Sista, beba, watoto wangu wawili ni wewe uliwapokea, hii ni kitu gani? Anakataa. Anasema ati kwa karatasi breki ziko." Akafunga tena gazeti, akanisukumia. "Mpelekee. Mimi nimechoka kuzichunga."

Sista tulimkuta kibarazani anachambua maharagwe. Alikuwa amestaafu zamani. Nywele zimekuwa nyeupe na magoti yamevimba, lakini alikaa wima vilevile. Alimtazama Naliaka, akauliza kama amechanjwa pepopunda. Kisha akakiona kifurushi mkononi mwangu, na kabla sijasema neno akaacha kuchambua.

"Huyo mzee bado ako nazo," akasema.

Nikamuuliza maana yake nini. Akasukuma ungo kando, akapangusa mikono, akanieleza kama mtu anayesoma ripoti.

Baiskeli ililetwa na lori, mwaka wake wa kwanza kazini. Aliiteremsha mwenyewe. Aliona mara moja kwamba haina breki, mbele wala nyuma. Mahali pake palikuwa na matundu tu. Afisa aliyeileta alikuwa amekaa ndani ya gari, injini inanguruma, amemtolea karatasi dirishani. Karatasi ilisema: Baiskeli moja, kamili. Chini yake palikuwa na mstari wa sahihi.

"Hukusoma?" nikamuuliza.

"Nilisoma. Hiyo ndiyo shida. Nilisoma, nikaangalia baiskeli, nikamwangalia yeye. Akaniambia, 'Fanya haraka, Sista, mvua inakuja.' Nilikuwa msichana mdogo, kazi ni ya wiki ya kwanza. Nikatia sahihi. Na mvua yenyewe haikunyesha."

"Lakini si ungesema baadaye?"

"Ningesema nini? Kwa faili breki ziko. Nani alisema ziko? Ni mimi."

"Ungenunua zako."

"Halafu wakaguzi waulize hizi mpya umetoa wapi, na zile za serikali umeuza kwa nani?" Akatikisa kichwa. "Wiki ya pili nilijaribu kuteremka hivyo hivyo. Niliingia kwa mto na chanjo ya kijiji kizima. Kisanduku nilikishikilia juu ya kichwa, haikulowa hata moja. Lakini nikasema hapana. Ndala sina, niko na viatu nyeupe ya kazi. Basi nikaanza kukokota. Watu wakaanza kuniuliza kwa nini nakokota, ikabidi nitafute maneno."

"Kushuka ni plasta," nikasema.

"Eh. Hayo ndiyo maneno yalipatikana."

Alipostaafu aliirudisha. Waliikagua vizuri siku hiyo, kwa mara ya kwanza, wakamtaka aeleze kwa maandishi breki zimekwenda wapi. Aliandika zimechakaa kazini. Akaniambia huo ndio uongo wake wa pili, na aliuandika ili kuuzika wa kwanza, na maneno yote mawili bado yako kwenye faili mahali fulani, yana sahihi yake.

Nilikasirika. Sitaficha. Nilimwona yule mtoto wa miaka kumi, nikajiona kwenye njia ya Myanga nikikokota baiskeli yenye gia ishirini na moja.

"Na mimi je, Sista? Baiskeli yangu iko na breki mbili!"

"Nilikufundisha na ile nilikuwa nayo. Ningekuacha uteremke ungekufa, na ningekuja kukushona mimi mwenyewe. Halafu ukakua, ukaenda kwa watu. Nikajua umeshaanza kuteremka kama wengine." Akanitazama vizuri. "Kwani hukuanza?"

"Si niliahidi."

"Ati mpaka leo?"

Naliaka ndiye aliyejibu, akimwita nyanya kwa lugha ya kwetu. "Mpaka leo, Kukhu."

Nilitarajia Sista acheke, na nadhani hata yeye alitarajia, maana mdomo ulianza. Haukumaliza. Alinishika mkono, akasema, "Pole." Katika maisha yangu alikuwa ameniambia pole nyingi, za goti, za sikio, za msiba wa baba. Hii ndiyo ya kwanza iliyokuwa ya kosa lake mwenyewe, na hasira yangu ikaniishia palepale, hata ningetaka kubaki nayo.

Kisha Sista akamgeukia Naliaka. "Hizo baiskeli za huko Kachibora, ziko na breki?"

"Ziko, Kukhu. Mbele na nyuma."

"Umeziona kwa macho?"

"Kwa video."

"Kwa video hata mimi niko mzima," akasema Sista, akasimama kwa kushika ukuta. "Twende tukaone."

Kesho yake tulikuwa watatu juu ya vilima, na baridi, na kundi la kondoo ambao walikuwa wameshawaona watu kama sisi. Sista alikuwa amevaa sweta la kazini na viatu vya raba vyeupe. Kijana aliyetupokea alikuwa mchangamfu sana, suruali imejaa matope. Akatusalimia, "Niaje, mzae! Niaje, shosho!" akatugawia kila mmoja karatasi na kalamu.

"Wekeni sign hapo chini tuanze. Ni ya formality tu. Tufanye chapchap, si mnaona hiyo mvua inakam?"

Sista aliposikia neno mvua, alivaa miwani.

Akasoma. Alisoma kwa sauti, tangu juu, kila mstari, na sisi tukasubiri. Mstari wa tano ulisema kwamba mteja ameikagua baiskeli aliyopewa na ameiona iko kamili. Akausoma mara mbili. Kisha akaiweka karatasi chini ya jiwe, akaenda zilikopangwa baiskeli.

"Shosho, hizo ziko poa, nimecheki asubuhi."

"Umecheki wewe. Hapa inasema nimecheki mimi."

Alianza na ya kwanza. Alibana breki ya mbele, akaisukuma baiskeli, akabana ya nyuma, akaisukuma tena. Akaenda ya pili. Zilikuwa kumi na mbili na sisi tulikuwa watatu, lakini hakuruka hata moja. Wateja wengine wawili kutoka Eldoret waliokuwa wameshatia sahihi wakaomba karatasi zao warudishiwe. Kwenye ile niliyopangiwa mimi, ya tisa, alibana breki ya nyuma na gurudumu likaendelea kuzunguka, taratibu, bila wasiwasi wowote.

Yule kijana alilitazama gurudumu mpaka liliposimama lenyewe.

"Hii si kamili," akasema Sista.

Ilichukua karibu saa nzima kufunga waya mpya. Sista alisimama juu ya kijana mpaka mwisho, akimmulikia kwa simu mahali pasipohitaji mwanga. Mvua haikunyesha. Kisha akachukua kalamu, akatia sahihi yake kubwa ya zahanati, akanipa kalamu mimi. Nikasoma kwanza.

Kuhusu kuteremka kwangu sina mengi. Kuliko nilivyowahi kufikiri, mlima ni mrefu ukiwa juu yake na mfupi ukishaanza kuondoka. Naliaka alitangulia akipiga vigelegele. Mimi nilifuata nikipiga kelele moja tu, ndefu, isiyo na maneno, na kwenye kona ya pili niliingia kwenye kichaka, nikaomba radhi kwa kondoo, nikatoka. Breki zilishika kila nilipozibana, na nilizibana sana. Nilipofika chini nikakaa kwenye nyasi. Naliaka akaja akakaa kando yangu, akaniegemea begani mbele ya watu. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, nikasema ni vumbi, ingawa palikuwa na tope.

Sista hakupewa mlima. Kijana, ambaye sasa alimwita Madam, alimpeleka kwenye mteremko wa nyasi wanaofundishia watoto, ambao kwa urefu na mwinamo ulikuwa kama ule wetu wa kwenda kijitoni. Nilimwona kutoka chini. Helmeti ilikuwa juu ya kitambaa cha kichwa. Alikaa wima. Kijana alishika kiti, akaanza kutembea naye, kisha Sista akamwambia kitu na kijana akaachia.

Akaja. Viatu vyeupe vilikuwa vimetulia kwenye pedali, havizunguki, maana hapakuwa na haja. Alikuja polepole, kisha si polepole sana. Halafu, katikati kabisa ya mteremko, akasimama.

Nilijua ameogopa. Niliinuka, nikapanda mbio kumfuata, nikijilaumu kila hatua: mama wa watu, miaka sabini na zaidi, magoti mabovu, na mimi ndiye niliyemleta. Nikamfikia nikihema. Alikuwa bado kitini, mguu mmoja umekanyaga nyasi, vidole vyote vimebana breki.

"Sista, pole. Shuka tu, nitaikokota mimi. Usiogope."

"Nani anaogopa?"

Akalegeza vidole kidogo. Gurudumu likasogea kiasi cha kidole. Akabana. Likasimama. Akafanya hivyo tena, macho yako kwenye gurudumu, na midomo inahesabu kitu ambacho sikukisikia.

"Nimesimama," akaniambia. "Katikati ya mteremko. Umeona?"

Nikasema nimeona.

"Basi toka mbele."

Nikasogea kando, naye akaachilia breki.